Nani Ana Haki ya Kukata Santuri?

Chukua santuri mbili zisizo na uhusiano wowote, tuseme moja ya kwaya na nyingine ya disko. Zikate katikati kwa msumeno mwembamba. Unganisha nusu ya hii na nusu ya ile kwa gundi, hakikisha tundu la katikati limekaa sawa, kisha weka sindano. Kwaya itaimba kidogo, utasikia "tak", disko litaingia, "tak" tena, kwaya irudi. Santuri kubwa ya mwendo wa 33⅓ huchukua sekunde 1.8 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo kila upande unapata sekunde 0.9 tu za kusema chake. Zile "tak" mbili za kila mzunguko zinageuka kuwa ngoma. Hakuna mtu aliyeipiga. Imetoka kwenye mshono.

Mara ya kwanza kusikia kitu kama hicho nilicheka. Mara ya pili nilinyamaza. Ukisikiliza kwa muda, ubongo unaanza kuunganisha maneno ya kwaya na ya disko hadi yanakuwa sentensi moja ya kichaa. Ni muziki, usibishe. Lakini ili uupate, santuri mbili zimekufa, na msumeno hauna kitufe cha kurudi nyuma. Kwa hiyo swali langu si kama muziki huo ni mzuri. Nauliza ni lini mtu ana haki ya kuharibu kitu ili apate kingine, na ni lini anakuwa mwizi tu mwenye kipaji.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wazazi wetu. Mapema miaka ya 1920, msanii wa Kihungari László Moholy-Nagy alipendekeza kwamba santuri isiishie kurudia sauti zilizorekodiwa. Mtu angeweza kuchora mifuo yake mwenyewe kwa mkono, akasikia sauti ambayo haijawahi kutoka kwenye koo wala chombo chochote. Mwaka 1948 huko Paris, Pierre Schaeffer alitumia mfuo uliofungwa. Kwa kawaida mfuo wa santuri ni mmoja tu, umejizungusha kutoka ukingoni hadi ndani kama gamba la konokono. Ukiufunga ukawa duara, sindano haina pa kwenda. Inarudia kipande kile kile hadi uichoke. Schaeffer alichukua sauti za magari moshi, akazirudiarudia hivyo, akapata muziki.

Halafu kuna Milan Knížák wa Prague. Huyu alianza kwa kucheza santuri kwa mwendo usio wake, taratibu mno au haraka mno. Kufikia mwaka 1965 alikuwa anazikwaruza, anazitoboa, anazichoma, anazipaka rangi, anazivunja na kuunganisha vipande vya moja na vya nyingine. Nyingine ziliua sindano na hata mashine. Baadhi ya sauti hizo zilitolewa Italia mwaka 1979 kwenye santuri iitwayo Broken Music. Upande wa Marekani yupo Christian Marclay. Akiwa mwanafunzi wa sanaa Boston mwishoni mwa miaka ya 1970, aliokota barabarani santuri ya hadithi za watoto ambayo magari yalikuwa yameipanda. Aliicheza. Sindano ikawa inaruka, inakwama, inarudia, na yeye akapenda. Kati ya 1980 na 1986 alikata na kuunganisha santuri nyingi za mitumba, kazi anayoiita Recycled Records.

Zipo mbinu nyingine. Ukitoboa tundu jipya pembeni kidogo mwa lile la katikati, santuri inazunguka ikiyumba, na sauti inapanda na kushuka kila mzunguko kama mtu anayeimba akiwa kwenye bembea. Ukibandika kipande cha karatasi juu ya mfuo, sindano inagonga na kuruka. Mbinu hii ya karatasi ikumbuke, nitairudia.

Yote haya yangebaki hadithi za Ulaya na Marekani kama si jamaa yangu mmoja, prodyuza, anayeishi Umoja. Mjomba wake alipohama nyumba alimwachia katoni ya santuri ndogo, zile za mwendo wa 45, zenye tundu kubwa. Nyingi ni za miaka ya 1970. Ndani yake kulikuwa na moja ya Kikuyu, gitaa mbili na sauti ya mwanamume, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, kama zilivyokuwa nyimbo nyingi za wakati huo. Karatasi ya katikati ilikuwa imechubuka. Jina la bendi halisomeki. Tuliutafuta wimbo huo YouTube na kwenye tovuti za wauzaji santuri. Hakuna kitu.

"Buda, hii nikiikata na kuichanganya na nyingine, itakuwa moto," akaniambia. Tayari alikuwa na msumeno wa kukatia chuma mezani.

Nikamwambia angoje. Akaniuliza kwa nini, na nikagundua kwamba jibu la haraka sina. Tulibishana hadi saa sita usiku. Naandika makala haya kwa sababu hoja zake zilikuwa nzuri, na bado nadhani nilikuwa na haki ya kumzuia.

Hoja yake ya kwanza: ni yangu. Nimepewa, iko kwangu, nitaifanya nitakavyo. Wanasheria waliorithi mawazo ya Kirumi wangemuunga mkono, kwa sababu waligawa umiliki katika haki tatu: kutumia kitu, kula matunda yake, na kukimaliza au hata kukiharibu. Waswahili nao wanajua kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini nikiwa chuoni, kabla sijaacha mwaka wa tatu karo iliponishinda, tulisoma John Locke, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kuwa adui wa mali ya watu binafsi. Yeye mwenyewe aliona kwamba haki ya kuchukua ina mpaka: chukua unachoweza kukitumia kabla hakijaoza, kinachozidi hapo ni fungu la wengine. Ukimiliki kitu, watu wengine hawapotei. Wanasimama tu nje ya geti.

Hoja ya pili ilikuwa kali zaidi. "Twende Kamukunji," akasema. "Fundi anachukua pipa la mafuta, analigonga, linakuwa jiko, ndoo, sanduku la shule. Tairi inakuwa akala. Umewahi kuona mtu akililia pipa? Sisi tumelelewa na vitu vilivyokatwa. Sasa plastiki nyeusi ya duara ndiyo itakuwa takatifu?"

Hapo alinibana. Jua kali ni falsafa yetu ya kweli, kuliko yote niliyofundishwa darasani. Inasema kitu hakifi, kinabadilisha kazi tu. Na ni kweli kwamba kuna unafiki katika kuabudu santuri. Watu wazima wanaozikusanya hawazichezi, wanazivalisha nailoni. Wengine wanaziyeyusha kwa moto ziwe bakuli za matunda, au wanazitia mishale ziwe saa za ukutani, na hakuna anayeandika makala kuwalaumu. Knížák akitoboa tunashtuka. Saa ya ukutani ikining'inia kwenye mkahawa tunapiga picha.

Tofauti niliyoiona ni hii. Pipa ni chombo kilichobeba mafuta, na mafuta yameisha. Santuri bado imebeba. Mfuo wake ni umbo la mtetemo wa koo la mtu fulani, siku fulani, chumba fulani. Aliyelikata pipa hajamnyamazisha mtu.

"Lakini mwimbaji si santuri," akanijibu. "Santuri ni nakala. Ukichoma Biblia moja, Mungu hajaungua."

Kweli, na hii ndiyo sababu sina ugomvi na Marclay. Santuri za mitumba za Marekani alizokuwa akizikata zilikuwa bidhaa za viwandani, nyingi zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ukikata moja, wimbo uko salama kwenye maelfu ya nyumba. Mwaka 1989 alienda mbali zaidi: alitandaza santuri 3,500 sakafuni katika ukumbi mmoja wa sanaa Zurich, watu wakatembea juu yake kwa wiki kadhaa, kisha zikauzwa na mikwaruzo yake. Lakini hizo alizitengeneza yeye mwenyewe, kwa kazi hiyo hiyo ya kukanyagwa, na sauti iliyorekodiwa ndani yake ilikuwa ya nyayo. Kabla ya hapo, mwaka 1985, alitoa santuri iliyouzwa bila jaketi, ili kila vumbi na kila mkwaruzo uongezeke kwenye muziki. Aliyeinunua alijua anachonunua. Hakuna aliyedhulumiwa.

Sasa hebu turudi Nairobi. Miaka ya 1970 jiji hili lilikuwa mji mkuu wa santuri wa eneo hili. River Road na mitaa ya karibu ilijaa maduka na maprodyuza wa benga na rumba. Simba Wanyika walitoka Tanga, Super Mazembe wakatoka Kongo, wote wakaja kufanyia kazi hapa. Bendi za Tanzania zilitegemea Nairobi ili nyimbo zao zitoke kwenye santuri. Kisha zikaja kanda, na watu wa kunakili kanda bila ruhusa, na katika miaka ya 1980 biashara ya santuri ikaanguka. Lebo nyingi ndogo zilikufa bila kuacha ghala, bila orodha, bila mrithi. Kanda asilia, zile za studio, nyingi hazijulikani ziliko. Nyimbo za aina hiyo zimebaki kwenye katoni chini ya vitanda, kwenye vibanda vya Kenyatta Market, na kwenye mikoba ya wakusanyaji waliotoka mbali.

Maana yake ni kwamba kitu kile kile, kisu kile kile, kinafanya matendo mawili tofauti. Kule nakala ni nakala. Hapa nakala imepandishwa cheo bila kuomba. Imekuwa wimbo wenyewe. Na tusijidanganye kwamba hili ni tatizo la maskini pekee. Mwaka 2008 moto uliteketeza ghala la Universal huko California, na kanda asilia za wanamuziki wengi mashuhuri zikaungua. Kitu kikipotea makao makuu, kilichoko kwa mtu wa kawaida sebuleni kinakuwa ushahidi. Hujui ni lini santuri yako itakuwa ya mwisho. Hakuna barua inayokuja kukuarifu.

Jamaa yangu hakukubali kirahisi. "Sawa, ni ya mwisho," akasema. "Imekaa miaka arobaini ndani ya katoni. Nani ameisikia? Mimi nikiikata, angalau watu mia watamsikia huyo mzee kwa sekunde tisini. Wewe unataka afe akiwa mzima."

Nakiri hoja hiyo ilinikaa tumboni kwa siku kadhaa. Kuhifadhi bila kusikiliza ni aina ya kuzika. Tuna tabia hiyo kama nchi: tunafungia vitu kabatini, tunapoteza ufunguo, tunaita urithi. Kama chaguo ni kati ya kabati na msumeno, hata mimi pengine ningechukua msumeno.

Lakini chaguo halikuwa hilo. Kati ya kabati na msumeno kuna ngazi nyingi, na wasanii wenyewe walizipanda moja moja. Kubadilisha mwendo hakuachi alama. Karatasi ya kubandika inafanya sindano iruke, na ukiibandua kwa uangalifu wimbo umerudi. Kukwaruza kunaondoa kidogo. Kutoboa kunaharibu zaidi. Kukata ndio mwisho. Watu wanaotunza michoro na vitabu vya kale wana kanuni moja ninayoipenda: ukiweza, usifanye jambo ambalo atakayekuja baada yako hawezi kulitengua. Mtu huyo hajazaliwa, hana simu, hawezi kukutumia ujumbe akisema subiri. Lazima umwachie nafasi bila yeye kuomba.

Halafu kuna suala la ruhusa. Mwaka 1953 Robert Rauschenberg alitaka kutengeneza kazi ya sanaa kwa kufuta mchoro. Hakuchukua wa mtu asiyejulikana. Alimwendea Willem de Kooning, aliyekuwa jina kubwa New York, akamwomba. De Kooning hakufurahia, lakini alikubali, na akachagua makusudi mchoro mgumu kufutika. Rauschenberg alifuta kwa wiki kadhaa. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama ya kijana aliyethubutu. Mimi namwona zaidi yule mzee, aliyesema ndiyo kisha akaweka sharti lake kimyakimya: ukitaka kunifuta, utatoka jasho.

Mwimbaji wetu wa Kikuyu hakuulizwa. Wanamuziki wengi wa zama zake walilipwa mara moja, pesa taslimu, kisha wimbo ukaenda zake. Wameshachukuliwa mara moja. Anayekuja na msumeno miaka hamsini baadaye, hata akiwa na nia safi, anajiunga na foleni.

Basi tukafanya nini? Jambo la kwanza lilikuwa rahisi hadi linachekesha: tulisikiliza. Pande zote mbili, hadi mwisho. Tukarekodi kwenye kompyuta, jamaa akanitumia faili, nikaiweka mahali pengine, kwa sababu nakala moja kwenye diski moja ni santuri nyingine tu inayosubiri kuanguka. Kisha akaipeleka kwa shosho yake, maana Kikuyu chake ni cha kuagizia nyama choma tu.

Alikuwa ameamini ni wimbo wa mapenzi. Jina la mwanamke linatajwa kila beti. Shosho alicheka hadi akafuta machozi. Ni wimbo wa mtu anayemdai rafiki yake baiskeli. Mwanamke anayetajwa ni shahidi. Alikuwepo baiskeli ikiazimwa.

"Sasa shosho," jamaa akamuuliza, "nikiikata hii santuri nitakuwa nimekosea?"

"Kata tu," shosho akasema. "Si ni plastiki? Wimbo mimi ninao."

Aliponisimulia hivyo alikuwa na furaha ya mshindi. Nami nikampa ushindi wake, nusu. Shosho yuko sahihi kuhusu wimbo wake. Yeye ndiye ghala. Lakini alipousema maneno hayo alikuwa amekaa mbele ya mjukuu ambaye, dakika kumi kabla, alidhani baiskeli ni mapenzi. Wimbo anao yeye. Sisi tulikuwa na plastiki tu, na tulipoipeleka kwake ndipo ikatufungukia. Laiti msumeno ungetangulia, tungempelekea shosho "tak, tak, tak", naye angetupa chai na kutuombea.

Jamaa hakuikata. Alibandika vipande vya karatasi katika sehemu tatu, sindano ikawa inaruka kutoka jina la shahidi hadi kwenye gitaa na kurudi, na kipande hicho ndicho kilichoingia kwenye kazi yake. Anasema kina nguvu zaidi kwa sababu sasa anajua anachokikatiza. Kwa ajili ya msumeno alitafuta Jim Reeves. Kwenye katoni ile ile kulikuwa na nne, mbili kati yake zikiwa sawa kabisa. Najua kuna wazazi wanaosoma haya wakishika kifua, lakini Jim Reeves ana nakala za kutosha duniani, na hata katika nyumba za Kenya peke yake. Amekatwa, ameunganishwa na kwaya, na anasikika vizuri mno.

Sitaki kumalizia kwa kutoa amri kumi za msumeno. Sanaa ikiomba ruhusa kwa kila hatua inakufa kwa woga, na sehemu ya utamu wa Knížák ni kwamba hakumuuliza yeyote. Ila Knížák aliishi katika nchi ambako dola ndiyo iliyoamua muziki upi usikike. Kuvunja santuri kulikuwa njia ya kurudisha kidogo mkononi mwake. Swali la nani ana nguvu na nani amenyamazishwa halikuwa limesahaulika, lilikuwa ndilo kiini. Sisi tukiiga mbinu bila kuuliza swali hilo, tumeiga nusu ya kelele.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mwembamba, na nadhani unatosha kwa mtu mwenye katoni na kisu. Kuwa mmiliki kunakupa kitu, hakukupi sauti iliyo ndani yake. Sauti hiyo ina deni moja kabla hujaigusa: isikilize hadi mwisho, kwa lugha yake, na kama huijui tafuta anayeijua. Iache mahali ambapo mwingine anaweza kuisikia. Baada ya hapo, kata kama bado unataka. Huenda utagundua kwamba bado unataka, na hilo ni sawa. Huenda pia utagundua kwamba huyo mtu alikuwa anadai tu baiskeli yake, na hajalipwa hadi leo.